Nitasomewa Nyumbani

Jumapili ile Bi Zubeda hakuwa na habari na mtu. Adhuhuri ameshaswali, kanga moja kaifunga, nyingine kaitupa begani, ameketi kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni mwa jiko, ungo mapajani, anachambua choroko. Choroko za maduka ya Rosettenville, huku Johannesburg, zina vijiwe vya rangi ileile ya choroko, na Bi Zubeda si mtu wa kukiamini kitu kwa rangi yake. Huichukua moja, akaigeuza uso na mgongo, ndipo akaitia bakulini. Binti yake Saumu alishazoea kumtania, "Mama, cha leo tutakula kesho." Naye humjibu, "Jino la mtu mzima likivunjika halioti."

Hapo geti likagongwa kwa kishindo.

"Hodi! Hodi wenyewe! Asalamu aleikum!"

Sauti ilikuwa ya Bi Kidawa, Mzanzibari wa mtaa wa pili, muuza mitandio, mwanamke ambaye kwenye msiba hufika kabla ya maiti. Mkono mmoja kabeba chetezo, kwapani kabana mfuko wa ubani na udi. Nyuma yake Ustadh Mselem, mwalimu wa madrasa, msahafu wake kauvika kitambaa cha kijani. Nyuma ya ustadh akina mama wa mtaani, na jamvi lililokunjwa, na birika la kahawa, na sahani ya tende, na chupa ya maji ya waridi.

Bi Zubeda aliinuka, ungo ukateleza, choroko zikatawanyika sakafuni. Papo hapo akaamini Saumu amegongwa na gari huko mjini.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu, shoga, na hafi mtu inshallah," Bi Kidawa akasema, ameshaingia hadi ukumbini. "Yuko wapi mwana?"

"Mwana gani?"

"Mayasa! Pole mama, pole sana. Lakini ungetwambia mapema. Mambo haya ukiyaficha yanaota mizizi. Mwanzo skuli inamshinda, kisha chakula kinamshinda, kisha..." Akashusha sauti. "Kisha anaanza kusema kwa sauti ya kiume."

"Bibi, sisi tumeitika wito tu," Ustadh Mselem akasema kwa adabu, anatafuta pa kuweka viatu vyake. "Tutaanza na Yasini, kisha tutaona."

"Wito wa nani?"

Bi Kidawa akatoa simu kifuani, akaunyoosha mkono mbali na macho, akasoma kwa sauti kama anayesoma tanzia: "Asalam alekum. Mimi Mayasa. Shule imenishinda. Moyo unapiga sana na tumbo linanishika, asubuhi natapika. Kuanzia Jumatatu nitasomewa nyumbani. Asanteni." Akamtazama Bi Zubeda kwa huruma. "Umetoka kwenye simu yako, shoga, Ijumaa usiku. Kundi zima la akina mama wa WhatsApp limelia."

Bi Zubeda akainyakua ile simu. Miwani yake ilikuwa kichwani, akaishusha. Alisoma darasa saba tu, tena zamani, lakini darasa zile alizisoma barabara, na Kiswahili hakikuwahi kumlaza chini. Akaupitisha ukucha juu ya kioo, neno kwa neno, kama alivyopitisha kwenye choroko. Akafika kwenye kijiwe.

"Nitasomewa," akasema. "Ni-ta-so-me-wa. Ya Rabi, hii 'ewa' imeingiaje humu?"

Mtu wa kuulizwa alikuwa chumbani mwake, kajificha.

Ugomvi wa nyumba ile ulikuwa umeanza wiki moja nyuma, na ulikuwa juu ya huyohuyo Mayasa, binti wa Saumu. Umri wake miaka kumi na mitano, yuko darasa la tisa katika shule moja ya serikali huko huko kusini mwa jiji. Amezaliwa Johannesburg. Kiswahili anakisikia chote, hata cha mafumbo, lakini akikisema kinamtoka kimevaa viatu vya wenyewe. Na mtoto huyo, ambaye udogoni alikuwa akilala na begi la shule kama wengine wanavyolala na mwanasesere, shule ilikuwa imemtia kitu ambacho hakuna aliyekijua jina. Asubuhi huvaa sare vizuri, soksi kazivuta, tai kainyoosha, kisha hukaa ukingoni mwa kitanda kaikalia mikono yake. Chai hanywi. Maji hanywi, hata funda. Bibi yake akifikiri ni mambo ya wasichana wa siku hizi ya kutaka kiuno chembamba. Akifika getini mwa shule hutapika, na kwa kuwa tumboni hamna kitu, hutapika sauti tupu. Kisha siku moja katikati ya wiki akarudi nyumbani jua halijafika utosini, sweta kalikumbatia kifuani, akapita bila kusema na mtu. Tangu hapo hakukanyaga tena shuleni.

Saumu aliitwa na shule akaambiwa mtoto anamchezea akili. Akarudi na moto.

"Anadeka!" alisema. "Mimi nasimama dukani Newtown tangu asubuhi mpaka miguu inakuwa kama magogo, yeye shule ya kukaa kitini inamshinda!"

Mayasa alikuwa na ombi moja tu, na alilirudia kila siku kwa sauti ileile ndogo: asome nyumbani. Wapo watoto wanaofanya hivyo, alisema. Unajiandikisha idara ya elimu, masomo unayapata kwenye kompyuta, mtihani unafanya kama wenzako. Saumu akacheka kicheko kibaya. Kisha, kama ilivyo kawaida ya mtu aliyechoka, akamtupia mama yake mzigo. "Wewe ndiye utakayekaa naye mchana kutwa. Amua wewe. Jumapili jioni nataka jibu. Ukisema aende, Jumatatu namburura mwenyewe. Ukisema abaki, abaki."

Na Bi Zubeda moyoni alikwisha kuamua: aende. Si kwa ukali. Lakini maneno yale, mtoto wa kike akae nyumbani, yalikuwa yanamkera kama mwiba wa samaki kooni. Kwao Tanga alikuwa na dada yake mkubwa, Mwanahamisi, mwenye akili kuliko wote. Alipovunja ungo tu akawekwa ndani. Hakuna tena kutoka, hakuna tena daftari. Siku nzima anasuka ukili, na ulimwengu anauona kwenye upenyo wa dirisha, mpaka siku aliyotolewa akiwa bibi harusi. Leo, mwaka huu, katika mji wenye magari yanayoendeshwa na wanawake, yeye Zubeda ndiye amweke mjukuu wake ndani? Thubutu!

Basi Ijumaa ile, maneno yalipopamba moto, Saumu alikuwa amesema kwa kejeli, "Haya! Kama kusoma nyumbani si aibu, waambie mwenyewe akina mama kwenye kundi, maana mimi sina uso wa kuwaambia." Mtu aliyezaliwa Tanga angelijua hilo ni shindo la mlango, si agizo. Mayasa aliyezaliwa Johannesburg akaona ni agizo. Akachukua simu ya bibi yake kwenye chaji, akaandika. Na kwa kuwa alitaka kusema kwamba atakuwa akifundishwa, akatafuta kichwani neno la kutendwa, akapata lile la kusomewa: la maiti, la mgonjwa, la aliyepandwa na jini.

"Bi Kidawa," Bi Zubeda akasema, na sauti ilikuwa imeanza kutetemeka, si kwa machozi. "Mtoto kakosea neno. Alitaka kusema atasoma. Kusoma! Kwa madaftari! Mjukuu wangu hana jini. Hana pepo. Hana hata chunusi. Mnaniingilia nyumbani na machetezo kama nyumba hii ni kilinge?"

"Usikasirike, shoga."

"Nimeshakasirika!"

"Neno kakosea, sawa. Na moyo kwenda mbio, nao kaukosea? Na kutapika? Ubani haumdhuru mtu. Nafukiza tu, natoka."

Na kabla Bi Zubeda hajamaliza kuvuta pumzi ya jibu, yule mwanamke alikuwa keshaugonga mlango wa chumba, keshaufungua, keshaingia na moshi wake. Bi Zubeda akamfuata, akina mama wakamfuata Bi Zubeda, na ustadh akabaki kizingitini anatazama dari kwa heshima ya chumba cha kike.

Mayasa alisimama kwenye kona, vidole kavitia mdomoni.

"Shikamoo bi-bibi," akasema, hajui anamwamkia nani kati ya wote wale.

Bi Kidawa alifukiza kona moja, akafukiza nyuma ya mlango, akapiga magoti kufukiza uvunguni. Hapo akaingiza mkono, akavuta. Kikatoka kitu kikubwa, bapa, kimeviringishwa ndani ya sweta la shule. Akalifunua sweta.

Kilikuwa kifuniko cha choo. Cheupe, cha plastiki, cha kile choo cha kukalia. Kimetobolewa tundu, kikatiwa kamba nyekundu ya kuning'inizia, na juu yake kimeandikwa kwa wino mzito, herufi na namba.

"Audhubillahi!" Bi Kidawa akakiachia kama aliyeshika kaa la moto. "Kimetumwa! Si nilisema? Kimetumwa! Tazameni maandishi! Tazameni kamba nyekundu!"

Akina mama wakarudi nyuma wakakanyagana. Ustadh Mselem akachungulia, akakunja uso. "Mimi nimeona hirizi za kila namna," akasema, "za ngozi, za chupa, za pembe. Hii ya chooni ni mpya."

Na mlango wa jiko ukafunguka, akaingia Agnès, Mkongomani msusi aliyepanga chumba cha uani, kitana bado kichwani, ndoo ya maji mkononi. "Mama Zubeda! Moto iko wapi? Minaona moshi!" Saumu naye alikuwa nyuma yake, ametoka kazini, mkoba begani, anatazama viatu vilivyojaa mlangoni mwake. "Nani kafa?" akauliza, maana wote wa nyumba hiyo ni mbegu moja.

"Hajafa mtu," Bi Zubeda akasema. Alikuwa anamtazama Mayasa. Mtoto hakuwa akiwatazama watu. Alikuwa anakitazama kile kifuniko, na mabega yake yalikuwa yamepanda hadi masikioni.

"Mke mwenzangu," akamwita, kama alivyozoea kumtania tangu mdogo. "Hiki nini?"

"Ni ya shule, bibi."

"Umeiba kifuniko cha choo cha shule?" Saumu akafoka.

"Saumu, nyamaza. Mwache amalize."

"Ni ya hesabu. Darasa la hesabu." Mayasa aliyanyooshea kidole yale maandishi. "Ukitaka kwenda chooni, ticha anasema lazima ubebe hiyo. Iko ukutani. Unabeba hivi, juu, wote waone. Corridor yote. Ndiyo ruhusa. Ndiyo watoto wasitoke-toke."

Ubani peke yake ndio uliokuwa ukisema, chwi, chwi, juu ya kaa.

"Na mimi tumbo langu, bibi, eish, ikija namba tu linanishika. Tangu mwaka jana, tangu ile siku niliambiwa kusoma mbele ya darasa. Kwa hiyo naomba kila siku. Ticha anasema, wewe tena? Wote wanacheka. Wananiita Kifuniko. Hata wale wakubwa wa darasa la mwisho wanajua, wanatoa simu, wananichukua video. Ile siku nilibeba, nikafika corridor, wakaimba. Basi sikuenda choo. Nilienda tu. Geti lilikuwa wazi, gari ya mikate inaingia. Nikafika hapa, nikaona bado nimeshika." Akakipangusa kile kitu kwa macho. "Sasa nikirudi, lazima nirudi nacho. Nitakibebaje?"

Agnès aliweka ndoo chini. "Njo ile!" akasema taratibu, yaani kumbe ndiyo hiyo. "Njo ile kintu! Glody wangu wa shule ileile asubuhi hakunywaka maji. Minamwambia, kunywa, mutoto, utakufa. Anasema, mama, siku ya hesabu siye hatukunywake. Mimi minafikiri ni michezo."

Bi Zubeda akaikumbuka chai. Kikombe kimoja kimoja, asubuhi moja moja, utando umeganda juu, akikimwaga kwenye sinki huku akinung'unika juu ya viuno vya wasichana. Kitu kikampanda kutoka nyayoni. Alikuwa mwanamke wa subira. Aliwahi kuingoja meli, aliwahi kuungoja utasa wake wa kwanza ukageuka kuwa Saumu. Lakini subira nayo ina sakafu, na yake ilikuwa imefika hapo.

"Mnajua," akasema, "mimi shule nilikwenda na kipande cha kaniki kiunoni. Mwalimu alitupiga, na fimbo tulikwenda kuikata wenyewe. Lakini haja ya mtu! Haja ya mtu hata ng'ombe haulizwi! Hata mfungwa anapelekwa na anafungiwa mlango! Wao wanamvisha binti wa watu choo shingoni, wanamtembeza kama mwizi wa kuku, halafu wananiitia mwanangu ofisini kumwambia mtoto anamchezea akili? Nani anayemchezea mwenziwe?"

"Taratibu, bibi," Ustadh Mselem akasema.

"Staki taratibu, ustadh! Kama umekuja kusoma, soma! Lakini humsomei huyu. Hiyo Yasini kaisome kule penye jini lenyewe. Kwenye ile shule!"

Ustadh akainamisha kichwa. Kisha akasema, labda kwa kuwa alikuwa mkweli, labda kwa kuwa aliogopa, "Na huko kusoma nyumbani, bibi, mbona si kugeni? Sisi chuo chetu kilikuwa barazani kwa mwalimu, mkewe anapika pembeni."

"Hilo tutaliona," Bi Zubeda akajibu. Hakuwa tayari kupewa majibu na mtu aliyekuja na jamvi la watu.

Bi Kidawa, kwa haki yake, alikuwa ameshautia ubani maji. Macho yalimlowa. "Laana yao," akasema. "Skuli gani hiyo? Mwana mwenye haya zake." Akalitandika jamvi ukumbini hata hivyo, kwa sababu kahawa ilikwisha kuchemka na tende hazirudishwi, na wote wakanywa, na wote wakaitukana shule mpaka alasiri. Saumu peke yake hakutukana. Alikaa chini chumbani kwa Mayasa, mkoba bado begani, anakikunja na kukikunjua kile kisweta.

Jumatatu, jibu la Saumu bado halijatolewa, walikwenda shuleni watatu. Mayasa alitembea nao hadi kwenye robot ya mwisho, taa za barabarani kama wanavyoziita huku, akavuka, akafika ukutani mwa shule, hapo miguu ikakataa. Akashika vyuma vya uzio. "Nisubiri hapa, bibi," alisema, maana yake ni kwamba angesubiri yeye.

"Subiri hapo, mama."

Bi Zubeda alikuwa amevaa buibui lake la Idi. Kifuniko hakukiviringisha na kitu. Alikitia kwapani kama mtu anavyobeba sinia la pilau, maandishi nje, kamba nyekundu inaning'inia, akapita nacho getini, akapita nacho uwanjani, akapita nacho kwenye ile korido ndefu yenye harufu ya dawa ya sakafu. Watoto waliokuwa wakipita wakasimama. Mmoja akatoa simu. Bi Zubeda akamtazama mpaka akairudisha mfukoni.

Naibu mkuu wa shule alikuwa mwanamume wa tabasamu, tai yake ina penseli zilizochorwa. Alimwita "Gogo", kama wanavyowaita mabibi huku, akamvutia kiti. Bi Zubeda akakiweka kifuniko juu ya meza, katikati ya makaratasi, akakaa. Saumu akawa mkalimani.

"Anasema asante kwa kurudisha mali ya shule."

"Mwambie si kitu."

"Anasema hii ni mbinu tu, mama. Wakipewa karatasi ya ruhusa wanaipoteza, au wanazurura. Hiki hakipotei."

"Mwambie kilipotea. Kilipotea pamoja na mtoto."

Saumu akatafsiri. Yule bwana akaendelea kutabasamu, lakini kwa upande mmoja. Akasema maneno mengi. Saumu akayasikiliza, na Bi Zubeda akaona shingo ya bintiye inabadilika rangi.

"Anasema ni utani. Watoto wengine wanaufurahia. Anasema Mayasa ni mwepesi wa kuumia, na kwamba dunia haitambembeleza, afadhali azoee."

Kiingereza cha Bi Zubeda kilikuwa cha sokoni, cha maneno ya kuhesabika, lakini moja alikuwa nalo, na lilikuwa zima.

"Toileti," akasema. "Plizi."

Yule bwana akafurahi kupata jambo rahisi. Akanyoosha mkono: mlango wa pili, kushoto.

Bi Zubeda akainuka, akajiweka sawa buibui, akakichukua kile kifuniko mezani, akakiinua kwa mikono miwili hadi usawa wa uso, juu, wote waone, akaelekea mlangoni.

"No, no, Gogo!" Yule bwana akaruka kutoka kitini, Kiingereza kikimtoka mbio. "Hapana, si wewe! Wewe huhitaji hicho!"

"Anasemaje?" Bi Zubeda akauliza, bado amekiinua.

"Anasema wewe huhitaji," Saumu akasema.

"Muulize kwa nini."

Saumu akauliza. Yule bwana akafungua mdomo. Nje ya mlango ulio wazi makarani wawili walikuwa wameacha kupiga chapa. Yule bwana akaufunga mdomo, akaufungua tena, akatazama penseli za kwenye tai yake. Bi Zubeda alilingoja jibu, maana kungoja alikujua, mpaka ikawa wazi kwa kila aliyekuwepo kwamba halitakuja. Ndipo akakilaza kifuniko juu ya kile kiti alichokikalia, akaenda chooni mikono mitupu, kwa sababu kwa kweli alikuwa amebanwa.

Aliporudi maneno yalikuwa mengine. Vifuniko vingetolewa madarasani. Mwalimu wa hesabu angeitwa. Mayasa angeweza kurudi hata kesho, hakuna atakayemwadhibu.

"Tumeshinda, mama," Saumu akasema walipokuwa wakivuka uwanja. Alikuwa anatembea kwa kasi, kama msichana. "Kesho arudi. Sasa hana sababu."

Bi Zubeda naye aliuhisi ule utamu. Shule hii hapa, geti hili hapa, na jiwe lililokuwa njiani limeondolewa. Mwanahamisi angeipata nafasi kama hii angeibusu. Aende. Kwa nini asiende?

Kengele ikalia.

Ilikuwa kengele tu, ya kubadili vipindi. Lakini Bi Zubeda alikuwa akimtazama Mayasa kule nje ya uzio, na aliona. Mabega yakapanda hadi masikioni. Mkono mmoja ukaacha chuma ukaenda tumboni. Uso ukawa wa rangi ya majivu. Kifuniko kilikuwa ofisini, mbali, na mtoto hakuwa hata ndani ya geti.

Basi kijiwe kimoja kimetolewa, Bi Zubeda akawaza, na ungo bado umejaa.

Akamfikia. Hakumshika, alisimama tu upande wake, wote wawili wanatazama ndani.

"Wamekiondoa," akasema. "Wamesema urudi. Mama yako anataka urudi. Mimi nilitaka urudi. Sasa nakuuliza wewe, na ukinijibu la kunifurahisha nitajua. Wataka nini?"

Mayasa alifikiri. Aliyatafuta maneno ya Kiswahili moja moja.

"Nataka kusoma, bibi. Hapa sisomi. Hapa nahesabu tu. Break bado. Kengele bado. Nyumbani bado. Kichwa kimejaa hiyo. Kitabu kinaingia wapi?"

"Akikaa ndani ataharibika," Saumu akasema, lakini sasa ilikuwa kama swali. "Mama, wewe mwenyewe umesema kila siku, mtoto wa kike kuwekwa ndani..."

"Nimesema, na nasema." Bi Zubeda akamgeukia Mayasa, kidole juu. "Sikiliza, mke mwenzangu. Kuwekwa ndani ni mlango kufungwa na mtu mwingine. Wewe ufunguo unakaa nao. Utasoma nyumbani, lakini hutakaa nyumbani. Kila siku unatoka: sokoni na mimi, madrasa kwa Mselem, dukani kwa mama yako ukapime vitambaa. Nikikuona unauchungulia ulimwengu kwenye pazia, nakurudisha hapa kwa mguu wangu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Na tutajiandikisha huko idarani, mchana kweupe. Sisi si watu wa kuficha mtoto."

Saumu alitazama geti, akatazama viatu vya binti yake vilivyong'arishwa. "Nilikuachia wewe uamue," akamwambia mama yake hatimaye. "Umeamua. Lakini akifeli, nitasema."

"Sema. Mdomo ni wako."

Jioni ile Mayasa aliketi na simu ya bibi yake kurekebisha ujumbe, na Bi Zubeda akamsimamia nyuma.

"Nitasomeshwa?"

"Hapana."

"Nitafundishwa?"

"Mbona unapenda kutendwa, wewe? Anayesomewa ni maiti na mgonjwa. Andika: nitasoma. Ni-ta-so-ma. Basi, weka nukta."

Akaweka nukta. Haikupita dakika Bi Kidawa akajibu kwa ujumbe wa sauti, kundi zima lisikie: hongera, mwana, soma, na wale wa skuli ile Mungu awape tumbo la kuendesha na mlango uliofungwa.

Mambo ya idarani yalichukua muda wake, na kompyuta ya mtumba waliyoazimwa na Agnès ilikuwa inazimika ikihisi joto. Lakini ikaja asubuhi ambayo Mayasa aliketi mezani, sweta la nyumbani, madaftari kayapanga, na ndani ya kioo mwalimu mwenye miwani anaeleza hesabu. Pembeni yake kikombe cha chai. Bi Zubeda alikuwa mlangoni mwa jiko na ungo wake, anajifanya hatazami. Mayasa alikunywa funda, akaandika. Akanywa tena. Akakimaliza, akajimiminia kingine, na mikono yake haikuwa chini ya mapaja.

Katikati ya namba, mwalimu bado anasema, akakisukuma kiti nyuma, akainuka, akaenda chooni. Hakuomba. Hakusema neno.

Kiti kikabaki kitupu mbele ya kioo. Mwalimu akakatiza hesabu, akatazama kama anayemtafuta mtu. Bi Zubeda akaweka choroko chini, akaegemea mbele mpaka uso wake ukajaa mle ndani, akamkazia macho: thubutu useme.